Tulitaka kuchangia taasisi ya watu wenye ulemavu hapa Kigoma, nikatumwa nikaichunguze kwanza

#1 Mwana Gungu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama. Ila kama una hela mkononi na unataka kuitoa kwa taasisi yoyote inayosaidia watu wenye ulemavu, vumilia mpaka chini.

Kisa chenyewe ni hiki. Sisi tuliosoma pamoja shule ya msingi hapa Kigoma tuna kundi letu la WhatsApp. Wengi wako Dar na Mwanza, wawili wako Oman. Mwenzetu mmoja ana mtoto mwenye mtindio wa ubongo, na siku aliyotuma picha ya mtoto wa miaka minane akiwa mgongoni kwa mama yake wakienda kliniki, watu waliguswa. Wiki tatu hazijaisha tukawa na 3,400,000. Wazo likawa tununue viti mwendo vya watoto kupitia taasisi moja ya hapa mjini ambayo mtu alituletea ukurasa wake: picha tele, mabango, watoto wanacheka, viongozi wanakata utepe.

Mweka hazina wetu ni dada mmoja tunamwita Benki Kuu. Akasema neno moja tu: "Hela haitoki kwa picha." Nani yuko Kigoma? Mimi. Nikatumwa.

Jina la taasisi sitalitaja na msinifuate inboksi. Sina ugomvi nao, wala sina ushahidi kwamba kuna mtu kala hela ya mtu. Nilienda nikiwa na swali hilohilo la "wamekula au hawajala", nikarudi na maswali mengine kabisa.

Ofisini nilipokewa vizuri, nikapewa soda. Ukutani kuna cheti kwenye fremu. Nikakipiga picha, nikaituma kwenye kundi, nikajiona nimemaliza kazi. Benki Kuu akanirudisha mbio: "Cheti cha ndoa kinaonyesha mlioana. Kinaonyesha mnaishi vizuri?"

Nikaingia kwenye orodha ya Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali mtandaoni, jina lao sikuliona. Hapo nikaanza kunusa moshi. Nikasoma sheria kidogo: Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, iliyorekebishwa 2005 na tena 2019. Kila mwaka shirika linaandaa taarifa ya shughuli zake na ripoti ya hesabu zilizokaguliwa, na taarifa ya shughuli inatakiwa iwe wazi kwa umma. Umma ndio mimi na wewe. Nikarudi ofisini nikaomba zote mbili. Katibu akanitazama kama nimemwomba namba ya siri ya simu yake. Andika barua, akasema. Nikaandika. Siku ya kumi na mbili nikaitwa, nikakabidhiwa bahasha kubwa, nzito. Nikaifungua ndani ya bajaji.

Ilikuwa kalenda.

Basi nikaamua kuanzia upande wa pili, kwa waliopokea. Mwaka juzi waligawa viti mwendo kwenye kata yetu na kata mbili za Ujiji, na wenyeviti wa mitaa wanazijua nyumba. Nilielekezwa nyumba 11, mbili wakawa wameshahama, nikafika 9.

Acha niwape nyumba moja. Ujiji, ukishuka kuelekea ziwani. Bibi mmoja anauza mawese kwa chupa, anaishi na mjukuu wake wa kike wa miaka tisa ambaye hawezi kukaa bila kuegemezwa. Kiti mwendo kiko nyuma ya nyumba chini ya mwembe. Mgongoni kimeanikwa kanga mbili, kwenye kalio limekaa dumu la mawese la lita ishirini. Nikasema moyoni, haya, ndiyo watu wetu hawa, unampa kitu anakifanya kabati. Kisha nikatoa dumu nikakikagua.

Kalio ni la mtu mzima. Nilikaa mimi mwenye kilo 84 nikatosha na nafasi ikabaki. Mtoto akiwekwa anazama upande mmoja kama nguo iliyotupiwa kitini, na miguu haifiki pa kukanyagia, inaning'inia. Mkanda hakuna. Mto hakuna, ni turubai tu na limeshalegea katikati. Magurudumu ya mbele ni yale madogo, magumu, kama ya toroli la dukani. Kwenye mchanga wa Ujiji yanazama, ukisukuma kwa nguvu kiti kinainama mbele na mtoto anatoka.

"Alitoka mara mbili, mwanangu," bibi akaniambia. "Mara ya pili alipasuka hapa." Akanionyesha kovu juu ya nyusi ya mtoto. "Nikaona bora mgongo wangu."

Kuna mtu alimpima mtoto kabla ya kumletea kiti? Hapana. Kuna mtu alirudi? "Walirudi mara moja. Picha ya kwanza haikutoka vizuri."

Halafu kuna hili la fomu. Bibi huyu anasoma, anaandika, majirani wakipata barua ya serikali wanamletea yeye awasomee. Lakini kwenye fomu ya mapokezi aliweka dole gumba, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na pedi ya wino ilikuwa tayari mezani. Hakuna aliyemuuliza kama anajua kalamu. Mtaani wanamsema hana shukrani.

Nyumba tisa: viti viwili vinatumika kila siku, vitatu mara mojamoja, vinne havitumiki kabisa. Kwenye kalenda wote tisa ni wanufaika.

Hela bado iko kwa Benki Kuu. Nyie mngefanyaje?

#2 Reli ya Kati

Kalenda nimecheka mpaka nimekohoa. Mkuu iweke ukutani angalau.

#3 Mzee wa Kibirizi

Mimi nitasema tofauti na mtanichukia. Watu wanahangaika kutafuta msaada, wanaleta kontena la viti kutoka nje, kijana mmoja anakaa na simu anakagua. Kiti cha bure unataka kipimwe kama suti? Mkishawavunja moyo wafadhili, huyo bibi atapata nini? Hata hicho cha kuanikia kanga hatakipata.

#4 Fundi Viungo

Mzee wa Kibirizi, shikamoo. Hilo la suti nalijibu mimi, maana ndiyo kazi yangu; nimesomea TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia, pale hospitali ya KCMC Moshi.

Ndiyo, kinapimwa kama suti. Tena zaidi, kwa sababu suti mbaya haiui. Mtu aliyeumia uti wa mgongo hahisi makalio yake. Umkalishe kwenye turubai lililolegea kwa muda wa saa sita kila siku bila mto wa kugawa uzito, ngozi inakufa kimyakimya. Kinaanza kidoa chekundu, kinakuwa kidonda, kidonda kinafika kwenye mfupa, na kutoka hapo maambukizi yanaingia kwenye damu. Nimeshaona mtu aliyepona ajali akaja kuuawa na kiti.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 mahsusi kwa nchi zenye uwezo mdogo kama yetu. Una hatua nane: rufaa na miadi, tathmini, kuandika ni kiti gani mtu anahitaji, fedha na kuagiza, kutayarisha kiti, kumkalisha na kurekebisha, kumfundisha yeye na familia yake, halafu ufuatiliaji na matengenezo. Ugawaji mwingi ninaouona unaanzia ya nne, na ikimalizika hiyo inafuata kamera.

Kupima hakuhitaji mashine. Tepu ya fundi cherehani inatosha: upana wa nyonga, urefu wa paja, kutoka nyuma ya goti mpaka kisigino. Kwa mchanga na makorongo yetu ya Kigoma kuna viti vyenye gurudumu moja mbele lililosogezwa mbali, hivyo havipinduki kirahisi. Lakini kwa mtoto wa mtindio wa ubongo asiyeweza kujishika, hata hicho bila kiegemeo cha pembeni na mkanda ni bure. Huyo bibi alifanya uamuzi sahihi wa kitaalamu bila kwenda chuo.

#5 Mzee wa Kibirizi

Marahaba. Hilo la vidonda sikulijua. Ila la wafadhili nalishikilia.

#6 Mkaguzi Mstaafu

Nimekagua hesabu za taasisi za aina hii kwa miaka mingi, nitasema machache.

Mtu akikuonyesha hati safi, mpongeze, kisha uendelee kuuliza. Hati safi maana yake hesabu zimeandikwa kwa haki na kwa viwango. Mkaguzi aliyesajiliwa na NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi) anaangalia kama viti 200 vilipokelewa na viti 200 vilitoka stoo na kuna fomu za mapokezi. Dole gumba la huyo bibi kwangu mimi lilikuwa ushahidi mzuri kabisa. Sikuwahi kwenda chini ya mwembe, na hakuna aliyenilipa niende.

La pili, misaada inayotolewa kama vitu, si fedha. Viti vilivyotumika vikishathaminiwa kwa bei ya vipya, mapato ya taasisi kwenye karatasi yananenepa ghafla, na wanaonekana wamewafikishia watu mamilioni. Nenda kwenye maelezo ya nyuma ya hesabu, kule ambako watu hawafiki, uone thamani ilipatikanaje.

La tatu, na hapa wachangiaji wa Dar hukosea sana. Wanapenda kuuliza "asilimia ngapi inaenda ofisini?" na wakisikia asilimia tano wanapiga makofi. Kwenye ulemavu huo mtego. Mkalimani wa lugha ya alama anaandikwa wapi? Nauli ya fundi kurudi Uvinza kukaza skrubu inaandikwa wapi? Kote kwenye uendeshaji. Taasisi yenye uendeshaji mdogo kupindukia mara nyingi ni ile isiyorudi kwa mtu.

Kuhusu fedha: Kanuni za 2018 zinataka shirika likipata zaidi ya shilingi milioni 20 litangaze kiasi, limepata kwa nani na litatumia vipi, na mkataba upelekwe Hazina na kwa Msajili. Nyie wenye milioni tatu na laki nne mko chini ya hapo. Mnalindwa na Benki Kuu wenu tu. Mtunzeni.

#7 Mama Pacha

Mimi nauliza hizo picha. Mwanangu mmoja ana ualbino. Taasisi (nyingine, si hiyo) ilikuja shuleni kugawa kofia na mafuta ya kujikinga na jua, jambo jema kabisa, mafuta yenyewe Kilisun yanatengenezwa KCMC na yanafaa. Jioni nikaona uso wa mwanangu mtandaoni, jina lake, darasa lake, na jina la shule kwenye bango nyuma.

Wenye umri wetu tunakumbuka miaka ya 2007 na 2008 kanda hii ilivyokuwa, watu wenye ualbino wakiuawa. Tunakumbuka kwa nini watoto walipelekwa Kabanga kule Kasulu kulala ndani ya uzio. Halafu mtu anatangaza mwanangu anasoma wapi ili mfadhili aridhike kofia imefika.

Nilipiga simu. Wakaniambia nilisaini. Nilisaini kupokea kofia! Siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa za afya za mtu ni nyeti kisheria. Nilipoitaja hiyo sheria picha ikatolewa ndani ya saa moja. Kabla sijaitaja niliambiwa nina wivu. Wivu wa kofia.

#8 Magurudumu Matatu

Nimesoma majibu yote sita. Fundi kasema, mkaguzi kasema, mama kasema. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: kwenye bodi ya hiyo taasisi yupo nani mwenye ulemavu?

Natumia baiskeli ya kunyonga kwa mikono tangu 1998. Polio. Naishi Mwanga na nauza vocha. Nimeshakuwa mnufaika wa kila kitu: sabuni, unga, baiskeli mbili, mbuzi mmoja, mafunzo ya ujasiriamali mara sita. Sita, wakuu. Najua kutengeneza batiki kuliko Mzaramo, na sijawahi kuuza hata moja kwa sababu baada ya mafunzo hakuna aliyewahi kutoa mtaji.

Mwaka fulani nilialikwa kikao cha wadau kuhusu ufikikaji wa majengo. Kikao kilikuwa ghorofa ya pili, lifti hakuna. Walinzi wawili walinibeba mikononi mbele ya watu kama gunia la dagaa. Ndani kulikuwa na viziwi watatu, mkalimani hakuna. Walikaa mpaka saa tisa, wakasaini posho, wakaondoka. Kwenye taarifa tuliandikwa kwamba "tulishirikishwa".

Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Humo mna kwamba mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Sensa ya 2022 ilitukuta asilimia 11.2 ya watu wa miaka saba na kuendelea. Ukienda taasisi inayokula kwa jina letu, hesabu wenyewe wangapi wetu wako upande wa meza wenye kalamu.

Swali langu mimi huwa moja. Daftari la malalamiko liko wapi, nilione? Wengi hawana. Mmoja alinionyesha, safi, jipya, halina hata mstari. Akajisifu. Nikamwambia ndugu, mimi ni mtu mwenye njaa na wewe ndiye mwenye unga, unategemea nitakulalamikia nini? Huyo bibi wa Ujiji kanyamaza miaka miwili, anasemwa hana shukrani, na kovu la mtoto liko pale. Akienda kulalamika, ugawaji ujao jina lake litakuwepo?

(Na nyie mnaoandika "walemavu", "wasiojiweza": mimi najiweza, nina madeni kama nyie.)

#9 Reli ya Kati

Mkuu #8 heshima yako.

#10 Niko Ndani

Nafanya kazi kwenye taasisi ya aina hii, mkoa huuhuu. Sisemi ni ipi. Naomba mnisikie upande wa pili.

Mfadhili akituma fomu ya taarifa, kisanduku cha kwanza ni idadi ya viti. Cha pili idadi ya picha. Hakuna kisanduku cha "viti bado vinafanya kazi". Tuliomba hela ya beringi na matairi mara mbili. Jibu: fedha ni kwa ajili ya vifaa vipya. Tuliomba mtaalamu wa kupima, tukaambiwa tutumie wa hospitali. Wa hospitali yupo mmoja na ana foleni yake. Mafuta ya kwenda Buhigwe na kurudi natoa mfukoni, mshahara wa mwisho nilipata miezi minne iliyopita. Halafu mnashangaa hatukurudi kwa bibi.

Na kuhusu kunyima ripoti, si siku zote mtu anaficha wizi. Viongozi wetu wanaogopa. Ukiweka wazi umepata milioni 60, kesho kuna mtu anataka semina yake ilipiwe, kesho kutwa unachangishwa mwenge, mtondo ndugu zako wanakuja kuomba ada. Sisemi ni sawa. Nasema ndivyo ilivyo.

#11 Mkaguzi Mstaafu

Niko Ndani, nakuelewa kwa mshahara. Ila hofu ya semina haitibiwi kwa kumficha mama aliyetoa elfu ishirini yake. Ukificha kwa wote, mla semina atajua tu, ana njia zake. Asiyejua ni huyo mama.

#12 Mwana Gungu (mleta uzi)

Wakuu, nimerudi. Kuna mtu alimwonyesha mkurugenzi huu uzi. Akanipigia Jumamosi asubuhi, sauti imekauka: "Wewe ndiye Mwana Gungu?" Nikasema ndiye. "Njoo."

Kwanza niwaombe radhi, na yeye nimemwomba uso kwa uso. Nilisema jina lao halipo kwa Msajili wa mashirika, na kwa kusema hivyo nilitia watu shaka. Ile picha ya cheti sikuwahi kuikuza nikaisoma. Ni cha RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Wako chini ya bodi ya wadhamini ya dhehebu, kwa hiyo mambo yao yanakwenda kwa Kabidhi Wasii Mkuu. Ile sheria niliyomtambia katibu haikuwa hata yenye kuwahusu moja kwa moja. Ukitaka kumkagua mtu, kwanza jua kaandikishwa wapi: Msajili wa mashirika, RITA, BRELA (wanaosajili makampuni), au Msajili wa Vyama. Mimi nilirukia.

Pili, alinionyesha hesabu. Zote. Zimekaguliwa, miaka mitatu mfululizo, hati safi. Nilipiga picha kurasa nne kwa ruhusa yake nikamtumia Mkaguzi Mstaafu, kasema ziko sawa na thamani ya viti iliandikwa kwa uungwana. Hakuna aliyekula kitu. Mzee wa Kibirizi, pale ulinishinda.

Nikamuuliza, basi mbona mlinipa kalenda? Akacheka kwa aibu. Katibu alidhani nimetumwa na mtu.

Kisha nikamsomea nyumba tisa, moja baada ya nyingine. Nilipofika kwa bibi, dumu la mawese, nyusi ya mtoto, alivua miwani akaiweka mezani. Hakuwa anajua. Alisema hivi, na nimemwomba ruhusa niyaandike: "Miaka minne hakuna aliyewahi kuniuliza kiti kiko wapi leo. Wananiuliza nimetoa vingapi."

Sikumwonea huruma sana, niseme kweli. Ujiji si mbali na ofisi yake, bajaji ni muda mfupi tu. Swali la Magurudumu Matatu pia nilimuuliza. Bodi ina watu saba, mwenye ulemavu hakuna. Daftari la malalamiko hakuna. Akasema milango iko wazi. Mlango una ngazi tatu.

Sasa kuna jambo sikulitarajia. Bibi wa Ujiji ndiye aliyenielekeza kwa kikundi cha kina mama wenye watoto wenye ulemavu, wako Katubuka, wako kumi na wanne. Wamejiandikisha halmashauri wakisubiri ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, lile fungu la asilimia 2 la watu wenye ulemavu. Ofisi hawana, cheti cha ukutani hawana. Wanakutana Alhamisi chini ya kibanda cha mpiga chapati, kila mmoja anaweka elfu moja.

Mwekahazina akanipa kaunta buku bila kuuliza mimi ni nani. Limefunikwa kwa gazeti, jalada lina alama ya mafuta ya chapati. Mistari imepigwa kwa rula: tarehe, kilichotoka, kwa nani, sahihi mbili. "Tyubu 1, baiskeli ya mtoto wa mama fulani, 3,500." "Nauli kumpeleka mtoto hospitali ya Maweni, 4,000, imerudi 500." Nikaendelea kufunua. Katikati ya ukurasa nikakuta: "Imepotea 2,000. Haijulikani." Chini yake sahihi kumi na nne.

Niliuliza hii ni nini. Mama mmoja akanijibu kama anayemwelewesha mtoto: hesabu haikukaa, tukatafuta, hatukuipata, tukaandika. Kila Alhamisi kabla ya kuanza, daftari linasomwa kwa sauti tangu mkutano uliopita, kwa sababu wawili wao hawajui kusoma na mmoja haoni. Asiyekubali mstari anasema hapohapo.

Nilimtumia Benki Kuu picha ya ule mstari wa elfu mbili. Dakika tano kimya. Kisha akaandika: "Hawa."

#13 Mzee wa Kibirizi

Mwana Gungu umekubali kosa hadharani, hilo nakupa. Sasa msije mkawapa kina mama hela zote mkawaharibu. Elfu moja za Alhamisi wanazijua. Milioni tatu ni mnyama mwingine.

#14 Magurudumu Matatu

Mzee leo tumekubaliana. Na bibi mwenyewe kasemaje? Mmeamua mambo mengi juu ya kiti chake.

#15 Mwana Gungu (mleta uzi)

Nilikwenda kumuuliza jana, kwa kusukumwa na wewe, #14. Sikutaka kwenda mikono mitupu, nikachukua fundi baiskeli wa sokoni aangalie yale magurudumu. Bibi hakutaka kiti kipya. Alisema kiti kipya kitakuja na watu wa picha. Anataka hiki hiki kipunguzwe kalio, kiwekwe mkanda, na mbele kifungwe gurudumu la baiskeli ya mtoto. "Na huyo anayepima aje asubuhi, mtoto akiwa hajachoka."

Kwa hiyo kundi limeamua hivi, baada ya kelele za siku nne. Viti vipya hapana kwa sasa. 1,200,000 ni ya Fundi Viungo kuja siku tatu (amekubali nauli na malazi tu, Mungu ambariki), kuwapima watoto wa nyumba tisa na wa kikundi cha Katubuka, na kununua vifaa vya kurekebishia. Manunuzi yatapitia kaunta buku la kina mama, kwa mafungu madogo madogo, Mzee usihofu. Iliyobaki inakaa kwa Benki Kuu mpaka vipimo vipatikane. Mkurugenzi ameahidi gari la kuzungukia, na amesema atapeleka kwenye bodi suala la kuwa na mjumbe mwenye ulemavu. Kuhusu bodi sina la kusema mpaka nione. Gari nimeshaliona, lina mafuta.

#16 Niko Ndani

Na mimi nitakuja hizo siku tatu. Kwa nafsi yangu, siyo ofisi.

#17 Reli ya Kati

Leteni mrejesho. Picha msilete.

#18 Mwana Gungu (mleta uzi)

Mrejesho wa kwanza ni wa aibu yangu. Jana pale kwa bibi fundi alibadilisha tyubu mbili za magurudumu ya nyuma, 7,000, nikalipa kutoka kwenye hela ya kundi nikasahau. Leo saa kumi na mbili asubuhi ujumbe wa Benki Kuu umenikuta kitandani: "Risiti ya zile tyubu iko wapi?"

Nikamwambia fundi wa chini ya mti hatoi risiti. Akaniuliza kina mama wa Katubuka wanafanyaje.

Nimetoka sasa hivi sokoni. Fundi kaandika kwenye kipande cha boksi: tyubu 2, 7,000, tarehe, jina lake, kisha akaniambia na mimi nisaini.